Tusisome Tarekhe kwa Panga za Kwenye Picha



 Wapenzi wanafunzi, mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya mwaka huu alitaraji nitaandika tena juu ya adabu za kutafuta elimu, kwa sababu ndivyo nilivyoandika mwaka wa jana na mwaka wa juzi. Safari hii naomba radhi. Nina deni la mtu, na deni lenyewe linahusu upanga.

Wengi wenu mnalikumbuka lile gazeti letu la ukutani juu ya vita vya Hittin, vilivyopiganwa mwaka 1187 (583 Hijria). Kama mnavyojua, hapa kwetu hatuchori watu wala wanyama. Kwa hivyo kijana anayetaka kuchora vita hubakiwa na mahema, bendera, ngao na panga, na bidii yake yote huimalizia kwenye panga. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alichora panga mbili zimeegemezwa kwenye mahema mawili, moja ya jeshi la Salahuddin al-Ayyubi na moja ya jeshi la Faranji. Zote mbili zilikuwa zimenyooka.

Nikamwita mezani. Nikamwambia, "Huu wa kwetu umeuchora sivyo. Upanga wa Waislamu umepinda kama mwezi mwandamo. Huu ulionyooka ni wa watu wa msalaba, huoni mwenyewe kuwa una umbo la msalaba?" Akanijibu kwa adabu, "Maalim, kaka yangu kaniambia zamani zote zilikuwa zimenyooka." Nikamwambia kuwa kaka yake hafundishi tarekhe hapa, mimi ndiye ninayefundisha. Akaufuta, akachora uliopinda, nami nikampa alama sita katika kumi kwa sababu ya uchafu wa kufutafuta.

Kaka yake alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea mbele ya darasa zima.

Nikwambieni nilivyojua. Siku moja nilipita katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe kutafuta fremu ya kutilia ratiba ya vipindi. Mwenye duka ni mzee mmoja mwenye subira kubwa na wateja wasionunua. Ukutani alikuwa ametundika karatasi ya zamani iliyokatwa kutoka kitabu cha Kifaransa, imejaa picha za panga na majambia ya Ulaya ya zama za kati, yamepangwa kama maua kwenye kitambaa, dhahabu na fedha zinang'ara kama zimepakwa jana. Pembeni yake palikuwa na picha nyengine, nyeusi tupu, ya vita vya Msalaba. Humo Faranji wote wameshika panga zilizonyooka, na Waislamu wote wameshika panga zilizopinda.

Nikafurahi. Nikasema kimoyomoyo, ushahidi huu hapa. Nikamwonesha yule mzee na kumsimulia habari ya mwanafunzi wangu. Akacheka, akanyanyua mkono akashusha upanga uliokuwa juu ya kabati, upanga wa Kiomani wa babu yake, mpini mrefu wa mviringo usio na kikingio cha mkono, bapa pana lenye makali pande mbili. "Ustadhi," akaniambia, "hawa mabwana wanatuchorea vitara. Upanga wa babu yangu huu hapa. Tazama ulivyo." Ulikuwa umenyooka kama alifu.

Upanga mmoja wa Oman haumalizi mas-ala, hilo nalijua. Lakini ulinitosha kunirudisha kwenye vitabu, na huko nilikuta mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kumfutisha mtoto wa watu mchoro wake.

Tuanze na mashahidi wetu wenyewe. Mwanafalsafa Yaaqub bin Is-haq al-Kindi, katika karne ya 9, alimwandikia Khalifa al-Mu'tasim risala nzima juu ya panga. Ameeleza aina za chuma, dume na jike, akaeleza panga za Yemen, za India, na hata za Faranji, kila moja kwa sura ya bapa lake na namna pua yake inavyoonesha mawimbi. Karne tatu baadaye Murdha al-Tarsusi alimwandikia Salahuddin mwenyewe kitabu juu ya silaha, na nuskha yake ya mkono ipo Oxford, Uingereza, mpaka leo. Tena yapo mabapa yenyewe. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa panga zinazonasibishwa na Mtume (S.A.W.) na masahaba. Mipini na mapambo ya nyingi katika hizo ni kazi ya mafundi wa baadaye wa Kiosmani, lakini mabapa yake mengi ni ya kunyooka. Upanga wa kupinda ulikuja na wapanda farasi wa nyika za Asia ya Kati, ukaenea nchi za Kiislamu pole pole pamoja na Waturuki na baadaye Wamongolia. Zama za Salahuddin, aliyefariki mwaka 1193, ulikuwa ukijulikana, hasa kwa askari wa Kituruki, lakini upanga ulionyooka ulikuwa bado ndio upanga wa kawaida. Kwa hiyo pale Hittin mtu hakuweza kumtambua adui yake kwa kutazama upanga umepinda au haukupinda.

Basi ile picha ya dukani ilitoka wapi? Inafanana na michoro ya Gustave Doré, Mfaransa aliyechora picha 100 kwa ajili ya toleo la mwaka 1877 la kitabu cha Michaud juu ya vita vya Msalaba. Hesabuni wenyewe, ni karibu miaka 700 baada ya Salahuddin kufariki. Doré alikuwa hodari wa mkono, hilo halina ubishi. Lakini mchoraji wa vita ana shida ya kila siku, nayo ni kwamba anayetazama lazima ajue papo hapo nani ni nani katika fujo lile. Ukimpa huyu upanga ulionyooka na yule uliopinda, kazi imekwisha. Naye hakuwa wa mwanzo. Mwaka 1825 mwandishi Walter Scott alitoa riwaya yake The Talisman, na humo Mfalme Richard anakata mpini wa chuma kwa upanga wake mzito, na Salahuddin anakata mto wa hariri kwa upanga wake uliopinda. Kisa kitamu sana, kila mtu akakishika. Ukweli ni kwamba Richard na Salahuddin hawakupata kukutana uso kwa uso hata siku moja. Walizungumza kwa wajumbe.

Mtu asinielewe vibaya kuwa nasema Wazungu walituchora vibaya kwa makusudi. Nitakuonesheni kuwa walijichora vibaya wao wenyewe kwanza.

Katika ngome ya London, ile iitwayo Tower, kwa muda mrefu palikuwa na safu ya wafalme wa Uingereza juu ya farasi wa mbao, kila mmoja kavishwa mavazi ya chuma. William aliyeiteka nchi ile mwaka 1066 alikuwamo, amevaa mabamba ya chuma ya karne nyingi baada yake, ilhali zama zake walivaa deraya ya vikuku vilivyofumwa. Watu walilipa kiingilio, wakatazama, wakarudi makwao wakijua. Alipokuja Samuel Rush Meyrick, bwana aliyekusanya silaha za kale na kuchapisha mwaka 1824 mijalada mitatu juu ya silaha na mavazi ya vita, ndipo mambo yakaanza kurekebishwa. Mwaka 1826 aliitwa kuipanga upya safu ile. Hakuwa na elimu ya ghaibu. Alilinganisha tu sanamu za makaburini na mihuri yenye tarehe na vyuma vyenyewe.

Au tazameni upanga uitwao Joyeuse, uliopo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Huchorwa na kuitwa upanga wa Charlemagne, aliyefariki mwaka 814. Lakini wataalamu wakiuchungua wanakuta kifundo cha mwisho wa mpini ni cha karne ya 10 au 11, kikingio cha mkono ni cha karne ya 12, na mpini wenyewe ulibadilishwa mwaka 1804 kwa ajili ya kutawazwa Napoleon. Upanga mmoja, zama tatu. Picha ya rangi haioneshi viungo hivyo. Inaonesha dhahabu tu.

Sasa turudi kwenye ile karatasi yenye dhahabu, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Karatasi za namna ile zilitoka katika vitabu vikubwa vya karne ya 19. Mmoja wa mabingwa wake ni Auguste Racinet wa Paris, ambaye kitabu chake cha mavazi ya kale, kilichokamilika mwaka 1888, kina picha 500, nyingi zikiwa za rangi. Namna ya kuzichapa ni ya ajabu. Alois Senefelder wa Ujerumani aligundua mwaka 1796 kuwa ukichora kwa mafuta juu ya jiwe laini, kisha ukalilowesha maji, wino utashika kwenye mafuta tu na kukimbia maji. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann akapewa hati ya kuchapa hivyo kwa rangi. Kila rangi na jiwe lake. Picha yenye rangi 12 ilipita juu ya mawe 12, na karatasi ikisogea unywele mmoja imeharibika. Mnaolalamika kunakili ramani mara mbili mjue.

Lakini tujiulize, kwa nini walichora panga? Racinet katika vitabu vyake vya nakshi, na kabla yake Owen Jones wa Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1856, waliwakusudia mafundi: watia nakshi, wafuma mazulia, watengeneza karatasi za kubandika ukutani. Fundi yule hakutaka kujua upanga ulikata nini. Alitaka kujua ua lililochongwa kwenye kifundo limepinda vipi. Kwa hiyo mchoraji alichagua silaha zenye mapambo, akaacha zisizo na kitu. Na tangu hapo zilizobakia duniani zilikuwa zaidi zenye mapambo, kwa sababu upanga wa mfalme uliwekwa hazina, na upanga wa askari wa kawaida ukaota kutu au ukafuliwa kuwa jembe. Kijana akitazama karatasi ile atadhani jeshi zima la zama za kati lilitembea na dhahabu kiunoni.

Kisha kuna vipimo. Katika karatasi ya dukani jambia na upanga vina urefu mmoja, kwa sababu mpangaji alitaka pande mbili zilingane. Hakuna rula wala maelezo ya urefu. Uzito ndio haupo kabisa, na hapo watu walijazia wenyewe. Ikaenea kwamba panga za zama za kati zilikuwa mizigo ya kubebwa na majitu. Waliozipima wanasema upanga wa mkono mmoja ulikuwa na uzito wa kilo moja hadi kilo moja na nusu hivi. Ni pakiti ya sukari, na pengine nusu pakiti juu yake. Ule mfuo mrefu unaouona katikati ya bapa nao watu waliuita njia ya damu. Si kweli. Mhunzi aliutia ili kupunguza uzito bila ya kulidhoofisha bapa.

Hata majina hayakusalimika. Lipo jambia moja la Ulaya ya karne za 14 na 15 ambalo jina lake la asili lilitokana na umbo la kikingio chake, na jina hilo siwezi kuliandika katika jarida la madrasa. Waingereza wa karne ya 19 nao waliona haya, wakalipa jina la jambia la figo, na kwa jina hilo likaingia vitabuni. Katika hilo siwalaumu.

Kuna dosari nyengine ambayo nataka muijue kwa sababu mnaweza kuikamata wenyewe bila ya kuwa wataalamu. Picha ikichorwa moja kwa moja juu ya jiwe au sahani ya shaba, ikichapwa inatoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia. Mchoraji mzoefu hulijua hilo na huchora kinyume. Mvivu au mwenye haraka husahau. Kwa hiyo ukikuta picha ya zamani ambayo askari wote ni wa mkono wa shoto, na panga zao zote zinaning'inia upande wa kulia, usidhani umegundua kabila la watu wa shoto. Ikiwa upanga una maandishi ya Kiarabu, tazama yanasomeka au yamegeuka. Nanyi mna faida ambayo wachoraji wengi wale hawakuwa nayo, kwamba mnajua kusoma herufi hizi. Wengi wao walizinakili kama maua na mizabibu, nukta ikapotea huku, jino la sini likaongezeka kule.

Si wote, na insafu ni lazima. Owen Jones alipotoa picha zake za Alhambra, Granada, kati ya mwaka 1842 na 1845, maandishi ya kuta zile yalifasiriwa na Pascual de Gayangos, Mhispania aliyekijua Kiarabu. Watawala wa Granada walikuwa na kaulimbiu yao kwamba hakuna mshindi ila Allah, na humo inasomeka. Mfaransa Prisse d'Avennes aliishi Misri miaka mingi, akavaa na kuishi kama watu wa kule na kujiita Idris Afandi, na picha zake za sanaa ya Kiarabu ya Cairo, zilizotoka kati ya mwaka 1869 na 1877, mpaka leo hutegemewa kwa majengo ambayo mengine yameshaharibika. Tofauti ya hawa na wengine ni kwamba walisimama mbele ya kitu chenyewe wakakipima.

Na huko Granada ndiko kwenye jibu zuri kwa yeyote anayeshikilia kuwa upanga wa Kiislamu lazima upinde. Abu Abdillah, mtawala wa mwisho wa Granada, alitekwa katika vita vya Lucena mwaka 1483, na upanga wake unatunzwa katika makumbusho ya jeshi huko Toledo. Mpini wake una pembe ya ndovu na nakshi za dhahabu. Bapa limenyooka.

Baadhi ya walimu wenzangu niliowaeleza haya waliniuliza, je, kuna madhara gani? Kuchora upanga uliopinda si dhambi, na hata nembo ya Saudi Arabia ina panga mbili zilizopinda chini ya mtende. Ni kweli. Nembo ni nembo, na hiyo ni ya karne ya 20. Lakini mtu anayejifunza tarekhe akishazoea kuwa upanga fulani ni wa Waislamu na fulani ni wa wengine, basi kila anachokiona kinamthibitishia alichokwishaamini, kama ile picha ya dukani ilivyonithibitishia mimi. Nilikuwa nikiitumia picha ya Mfaransa wa mwaka 1877 kumsahihisha mtoto wa Kiislamu juu ya silaha za Salahuddin, bila ya kujua. Hata Dhulfiqar, upanga wa Sayyidna Ali (R.A.), tunauchora una ncha mbili kwa sababu tumeuona hivyo katika bendera na kalenda, na hali wataalamu wengi wanaeleza kuwa jina lake lilitokana na mifuo au pingili zilizokuwa kwenye bapa. Ni wangapi kati yetu walimu waliowahi kuwaambia wanafunzi hilo?

Wapo pia wanaosema basi tuziondoe picha kabisa darasani. Sikubaliani nao. Bila ya karatasi ile nisingeona namna upanga ulivyofungwa na ala yake, wala tofauti ya kifundo cha karne moja na nyengine. Picha ya mwaka 1888 ni shahidi mzuri wa mwaka 1888, wa mafundi wake na walichokipenda. Juu ya mwaka 1187 inahitaji kuulizwa maswali.

Kwa hiyo nimezungumza na kamati ya gazeti la ukutani, na kuanzia toleo lijalo kila mchoro utakaobandikwa utaandikwa chini yake: umenakiliwa kutoka wapi, nani alichora cha asili, na mwaka gani. Asiyejua aandike kuwa amechora kutokana na fikra zake, naye hatapunguziwa alama kwa hilo. Sharti hili linatuhusu na sisi walimu. Karatasi yangu juu ya Andalus iliyopo mlangoni haina maelezo hayo, na nitaiteremsha mpaka niyapate.

Ama yule mwanafunzi, sasa ameshahama na familia yake, na jarida hili natumai litamfikia kupitia kwa kaka yake. Alama zake ni tisa katika kumi. Moja nimeibakisha kwa sababu bendera zake zilikuwa hazina nguzo. Mchoro wake ninao kabatini. Ukiuinua kwenye mwanga wa dirisha, chini ya ule upanga uliopinda bado unaonekana mstari wa penseli wa ule wa mwanzo.